Modeli ya ngege wa Ghuba ya Winam, wazi kwa kila mtu: shajara ya mradi

Tunapima ngege (tilapia) wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, na kukadiria hali yao kwa modeli, yaani hesabu ya kompyuta. Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya yeyote anayetaka kufanya kazi kama hii kwenye ufuo wake, iwe ni Homa Bay, Sori au Naivasha. Hatua za kawaida nimezipitia haraka. Zile zilizotukwamisha nimezieleza kwa kirefu, kwa sababu ndizo zitakazomkwamisha na mwingine.

15 Januari 2024: Tunachotaka

Lengo ni moja. Mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida aweze kuchukua vipimo vyetu vya ngege, aendeshe hesabu ile ile tuliyoendesha, apate jibu lile lile, kisha atuonyeshe palipo na kasoro.

Nimefanya kazi ya modeli za samaki tangu enzi za disketi. Katika miaka hiyo yote nimeona ripoti nyingi zinazompa msomaji jibu bila kumpa hesabu. Vipimo hukaa kwenye kompyuta ya mtu. Akihamishwa, vinahama naye. Kompyuta ikifa, vinakufa nayo. Niliwahi kutafuta urefu wa samaki uliopimwa muongo mmoja kabla nikakuta grafu iliyochapishwa tu, ikabidi niipime kwa rula ili nirudishe nambari. Kodi ya wananchi ililipia boti, mafuta na wapimaji, na kilichobaki ni picha. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nianze mradi huu.

Ziwa letu halikosi historia ya vipimo. Mtafiti Michael Graham alilizunguka mwaka 1927 na 1928 akipima ngege wa asili, na pendekezo la nyavu zenye tundu la inchi 5 lilitoka kwenye kazi yake. Tangu 2000 nchi tatu za ziwa zinahesabu boti, nyavu na wavuvi kila baada ya miaka miwili au karibu na hapo. Kinachopungua ni urefu wa samaki mmoja mmoja, uliowekwa mahali ambapo watu wanaweza kuufikia.

Tumechagua urefu badala ya uzito wa mavuno kwa sababu moja kubwa: daftari la ufuo huandika kilo na bei, na kilo hazisemi kama umevua wazee wachache au watoto wengi. Tumechagua ngege badala ya mbuta (sangara) kwa sababu ya sheria. Mbuta anaruhusiwa kati ya sentimita 50 na 85, na aliye nje ya hapo haletwi mezani waziwazi. Sampuli ya namna hiyo imeshakatwa kichwa na mkia kabla hujaishika.

9 Februari 2024: Ubao

Ubao wa kupimia samaki ni kitu rahisi: kibao, kizuizi cha kuegemeza pua, na kipimo. Fundi wa jua kali alitutengenezea wa kwanza kwa Sh900, akabandika juu yake utepe wa cherehani kwa gundi ya viatu. Ulifanya kazi vizuri asubuhi ya kwanza. Baada ya siku chache za maji na magamba utepe ulilegea ukavutika, na tulipoulinganisha na rula ya chuma, samaki wa sentimita 30 alikuwa anasomeka pungufu kwa karibu nusu sentimita.

Nusu sentimita inaonekana ndogo. Nitaonyesha mbele kidogo kwamba si ndogo.

Tuliacha utepe. Ubao wa sasa una rula ya chuma iliyochimbiwa ndani ya mbao na kufungwa kwa skrubu, na mbao imepakwa rangi ya boti pande zote sita, pamoja na ncha ambazo mafundi huziacha wazi maji yakaingilia hapo. Gharama: Sh1,800 kila mmoja. Vipimo vya siku zile za utepe hatukuvitupa. Tumevihifadhi kwenye faili lake, na maelezo ya kilichotokea yako juu yake, ila haviingii kwenye modeli.

Jambo lingine la kuamua mapema: unapima hadi wapi? Sisi tunapima urefu mzima, kuanzia pua mdomo ukiwa umefungwa hadi ncha ya mkia. Maandiko mengi ya zamani yanaishia mzizi wa mkia. Kwa ngege tofauti ni karibu moja ya tano ya urefu mzima. Ukichukua ukubwa wa kupevuka kutoka andiko la aina moja ukautumia kwenye vipimo vya aina nyingine, modeli haitakupigia kelele. Itakupa jibu tu.

4 Machi 2024: Dunga

Mkutano na kamati ya ufuo wa Dunga, Kisumu, yaani BMU, haukuwa kuhusu samaki. Ulikuwa kuhusu hofu. Mzee mmoja alisimama akasema: "Daktari, omena (dagaa) hufungwa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai. Nyinyi mkishapima ngege, na yeye mtamfunga?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, sina mamlaka ya kufunga ziwa. Lakini siwezi kukuahidi kwamba nambari hizi hazitatumika na mwenye mamlaka. Ninachoweza kukuahidi ni kwamba akizitumia, na wewe utakuwa nazo mkononi, hesabu yake uikague."

Ahadi hiyo ndiyo iliyofungua mlango, lakini ilikuja na masharti, na masharti yale yaliupa mradi umbo. Kwanza, jina la mvuvi na nambari ya boti visitoke nje. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tulinde jina hata bila kuombwa, lakini nambari ya boti ufuoni ni sawa na jina, kila mtu anajua ya nani. Tunaibadilisha kuwa msimbo, na orodha ya kufungulia msimbo inakaa kwa katibu wa BMU, si kwangu. Pili, mahali hasa mtu alipotega nyavu ni siri yake ya kazi. Tunaandika eneo pana tu: karibu na Kisumu, katikati ya ghuba, upande wa mlango wa ziwa kuu. Mwanamodeli ndani yangu alitamani nukta za ramani. Hapana. Uwazi wa takwimu haumpi mtu ruhusa ya kumwaga riziki ya mwenzake hadharani.

Tatu, matokeo yasomwe Dunga kabla ya kusomwa kwingine kokote. Hili lilikuja kutusaidia kuliko nilivyotarajia.

Wapimaji ni vijana wanne wa ufuoni. Malipo ni Sh800 kwa asubuhi.

22 Machi 2024: Milima ya uongo

Tulipochora grafu ya kwanza, safu zilisimama juu sana kwenye 20, 25 na 30. Kati yake palikuwa na mabonde. Samaki hawakui hivyo. Mikono imelowa, mama mchuuzi anasubiri, boti nyingine inaingia, na jicho la binadamu linakimbilia tarakimu ya sifuri au tano. Vijana hawakuwa wavivu. Hali hii hutokea popote watu wanaposoma rula kwa haraka.

Hatari yake ni hii. Njia kadhaa za kukadiria ukuaji hutafuta vilele kwenye grafu ya urefu na kuchukulia kila kilele kuwa rika la samaki waliozaliwa pamoja. Ukiipa kilele cha uongo, itakutengenezea rika la uongo, na rika hilo litakuwa na umri na kasi ya kukua.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuwahimiza vijana wasome milimita. Kazi ikapungua mwendo, wachuuzi wakalalamika kwamba samaki wao wanakaa juani, na vilele vikabaki. Jaribio la pili lilikuwa fomu ya simu inayokataa nambari zisizo na desimali. Simu na maji ya samaki havipatani, na juani kioo hakisomeki. Tukaliacha baada ya simu moja kuharibika (Sh9,500, hasara).

Kilichofanya kazi ni njia ya kizamani ya watu wa bahari: usisome nambari kabisa. Juu ya ubao tunabana ukanda mweupe wa plastiki. Samaki analazwa, na mkia unapoishia mpimaji anatoboa tundu kwa msumari. Basi. Samaki anayefuata. Ukanda mmoja ni boti moja, na pembeni huandikwa tarehe, msimbo na aina ya nyavu kwa penseli. Jioni, mezani, pakavu, ukanda unawekwa juu ya karatasi yenye mistari na matundu yanahesabiwa na watu wawili, kila mmoja peke yake. Plastiki tunayotumia ni mabaki ya mabango kutoka kwa wachapishaji wa mjini: furushi la Sh500 linatosha miezi mingi.

Vilele vya sifuri na tano viliondoka. Kazi imekuwa ya haraka kuliko ya rula. Na ukanda wenyewe ni ushahidi: mtu akitilia shaka nambari, matundu yapo.

20 Mei 2024: Maji

Mvua za Aprili na Mei zimepandisha ziwa, banda la mizani limezungukwa na maji, na gugu maji limefunga njia ya boti kwa siku kadhaa. Boti zinashusha samaki kwingine. Tumepima kidogo sana. Kwenye data tumeongeza safu inayoonyesha siku tulizokwenda tukakuta hakuna kitu, ili zisichanganywe na siku ambazo hatukwenda. Gharama ya ziada: Sh6,000 za kuinua sanduku la vifaa na kulijengea miguu.

8 Julai 2024: Usafi wa data

Wiki kadhaa zimekwenda kwenye mambo ambayo hayachapishwi popote.

Tarehe: kompyuta moja ilikuwa imewekwa kwa mtindo wa Kimarekani, kwa hiyo 03/04 ikawa Machi 4 badala ya Aprili 3. Tarehe zote ambazo siku yake ni 12 au chini zilikuwa na shaka. Tulizirekebisha kwa kurudi kwenye kanda. Sasa tunaandika 2024-04-03, mwaka kwanza, na hakuna mashine inayochanganyikiwa.

Skripti, yaani maagizo ya hesabu kwa kompyuta: zangu za zamani za R, lugha ya kompyuta ya takwimu, ziligoma. Kabla ya toleo 4.0.0 la Aprili 2020, R ilikuwa inageuza safu za maneno kuwa makundi yenyewe inaposoma faili. Tangu toleo hilo haifanyi hivyo. Skripti moja iligoma kwa sauti, na hiyo ni afadhali. Nyingine iliendelea kimya ikatoa jedwali lenye safu pungufu. Suluhisho ni kuandika matoleo ya R na vifurushi vyote kwenye faili la mradi, ili atakayeendesha hesabu miaka mitano ijayo ajenge mazingira yale yale. Ninamsihi kila mwanasayansi kijana anayesoma hapa afanye hivi siku ya kwanza.

Muundo wa faili ni CSV, maandishi matupu yaliyotengwa kwa mkato, si lahajedwali yenye rangi. Rangi ya njano ina maana kwa aliyeiweka tu.

19 Agosti 2024: Ukuaji unatuponyoka

Mlinganyo tunaoutumia wote ni wa von Bertalanffy, wa mwaka 1938. Una vitu viwili vikubwa: L∞, urefu ambao samaki angeukaribia kama angeishi bila kikomo, na K, kasi ya kuukaribia. Tulitaka kuvipata kutoka kwenye data zetu kwa ELEFAN, mbinu aliyoianzisha Daniel Pauly na wenzake, ambayo leo imo ndani ya TropFishR, kifurushi huria cha R.

Haikufaulu, na sababu inafaa kueleweka. ELEFAN hufuata rika likisogea kulia mwezi baada ya mwezi. Kwenye nchi za baridi samaki wengi huzaa msimu mmoja, kwa hiyo marika yanatengana. Ngege karibu na ikweta huzaa mwaka mzima, ingawa mvua humchochea zaidi. Marika yanaingiliana, na grafu inakuwa kilima kimoja kipana. Programu ilitupa L∞ kubwa na K ndogo. Tulipoendesha tena ikatupa L∞ ndogo na K kubwa. Na zote mbili zilikuwa na alama karibu sawa. Sehemu ya tofauti ilitokana na bahati nasibu iliyomo ndani ya utafutaji wenyewe, tukaidhibiti kwa kufunga nambari ya kuanzia. Lakini kufunga nambari hiyo hukufanya upate jibu lile lile kila mara. Hakulifanyi jibu liwe sahihi.

Tumeacha kujifanya tunaijua K. Tumehamia modeli ya Adrian Hordyk na wenzake, LBSPR, ambayo haihitaji K peke yake. Inahitaji uwiano wa vifo vya asili na kasi ya ukuaji, M/K, pamoja na L∞ na urefu wa kupevuka. Uwiano huo hutulia zaidi kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Thamani inayotumika sana kama mwanzo ni 1.5. L∞ tunaichukua kama masafa yaliyokusanywa kutoka FishBase, hifadhidata ya samaki mtandaoni ambayo iko wazi kwa kila mtu.

Modeli hii inajibu swali ambalo mvuvi analielewa mara moja: jike wa kawaida wa ziwa hili, kwa uvuvi uliopo, ataacha mayai kiasi gani maishani, ukilinganisha na ambayo angeacha kama asingevuliwa? Jibu la 0.4 huchukuliwa kuwa lengo zuri. Chini ya 0.2 ni hatari.

7 Oktoba 2024: Wakubwa wako wapi?

Hii ndiyo hatua iliyonifunza mengi kuliko zote, na haikutoka kwenye kompyuta.

Kwa mujibu wa sharti la tatu tulibandika grafu ya urefu kwenye banda la Dunga kabla ya kuandika chochote. Modeli ilikuwa imeshatoa jibu la kutisha: samaki wakubwa ni wachache mno, kwa hiyo uvuvi ni mkali mno. Mama mmoja mchuuzi, ambaye yuko kwenye biashara hii tangu nikiwa shuleni, aliiangalia akaweka kidole upande wa kulia.

"Mwanangu, hawa wakubwa mmewaacha wapi?"

Nikamwambia, "Mama, hatukuwapata."

"Hamkuwapata kwa sababu mimi ndiye ninao. Nawachukua kwenye boti kabla haijafunga. Wa hoteli hawapiti mezani."

Vijana wetu walikuwa wakipima pale pale kwenye mizani, kama miongozo mingi inavyoelekeza. Wakubwa walikuwa wameshauzwa majini. Modeli ilisoma pengo lile kama vifo.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wake. Kanuni ya Beverton na Holt inasema vifo vyote, Z, ni K × (L∞ − wastani) ÷ (wastani − Lc), ambapo Lc ni urefu ambao samaki anaanza kunaswa kikamilifu. Chukua nambari za mfano, si za ghuba: L∞ 60, K 0.4, Lc 20. Wastani ukiwa 30, Z ni 0.4 × 30 ÷ 10, yaani 1.2. Wakubwa wakiondolewa mezani wastani ukashuka hadi 28, Z ni 0.4 × 32 ÷ 8, yaani 1.6. Vifo vya asili vikiwa 0.6, basi sehemu ya vifo inayotokana na uvuvi imetoka 0.5, mpaka unaotajwa mara nyingi, hadi zaidi ya 0.62. Sentimita mbili tu, na ziwa limehama kutoka ukingoni hadi ndani ya shimo, kwenye karatasi. Sasa unaona kwa nini nusu sentimita ya utepe wa cherehani ilinikosesha usingizi.

Marekebisho: ubao umehamia majini. Mpimaji anapanda boti inapokaribia, kabla ya mauzo. Wachuuzi wa hoteli wamekubali kusubiri ukanda utobolewe, nao wamepewa nakala ya grafu yao. Gharama: jaketi nne za kuokolea, Sh14,000. Vipimo vya Machi hadi Septemba vimebaki wazi, vimeandikwa "mezani". Vipya vimeandikwa "boti". Hatukujaribu kuwakisia wakubwa waliokosekana na kuwachomeka.

25 Novemba 2024: Nyavu zinachagua

Baada ya hapo kulikuwa na sababu ya pili ya wakubwa kukosekana, ambayo wanamodeli wanaijua na mara nyingi wanaiacha ipite. LBSPR inachukulia kwamba samaki akishafikia ukubwa fulani ananaswa, na kila aliye mkubwa zaidi ananaswa vilevile. Nyavu za kutega hazifanyi hivyo. Mdogo anapita, wa kati anakwama kwenye matamvua, mkubwa kichwa chake hakiingii na anageuka. Kila tundu lina ukubwa wake linaoupenda. Ukiipa modeli data za nyavu za inchi 5 peke yake, itawahesabu wakubwa waliogeuka kuwa wamekufa, na uwezo wa kuzaa utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Dawa ni kutega nyavu za matundu tofauti kwa pamoja, usiku mmoja, mahali pamoja, kisha kulinganisha kila tundu limeleta nini. Njia ya hesabu ni ile iliyotokana na kazi ya Russell Millar ya miaka ya 1990, nayo imo ndani ya TropFishR. Tatizo lilikuwa kwamba nyavu za kutega za chini ya inchi 5 haziruhusiwi, na hata kwa utafiti huziingizi majini bila kibali. Kibali kilichukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Anayetaka kuiga hatua hii aombe kibali mapema, na amjulishe mwenyekiti wa kila ufuo wa jirani kwa barua, la sivyo nyavu zitakamatwa na doria ya BMU, na doria itakuwa imefanya haki.

Seti ya nyavu, kamba, maboya na malipo ya boti: Sh78,000. Hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Samaki waliopatikana walipimwa, na wale wa nyavu kubwa walirudishwa kwa mwenye boti. Wa nyavu ndogo hawakuuzwa, kama kibali kilivyoagiza.

Tulipoingiza kwenye hesabu mkunjo unaoonyesha kila tundu linachagua samaki wa ukubwa gani, jibu la hatari lilipungua makali. Halikutoweka. Ninalisema hili wazi kwa pande zote mbili: si kweli kwamba ghuba haina shida, na si kweli kwamba grafu ya kwanza ilistahili kupelekwa kwa waziri.

27 Januari 2025: Milango wazi

Data, skripti na picha za kanda zimewekwa Zenodo, hifadhi ya wazi ya mtandaoni, zikiwa na kitambulisho cha kudumu na leseni ya CC BY 4.0: chukua, tumia, badilisha, ila taja ulikochukua. Kufungua kwenyewe hakukugharimu fedha. Kulichogharimu ni maelezo. Kila safu ya jedwali ina sentensi inayoieleza kwa Kiswahili, na kwa Dholuo kwa zile zinazohusu nyavu na maeneo, kwa sababu wenye data wanazungumza hivyo. Kazi ya maelezo ilichukua muda mwingi kuliko modeli, na ningeirudia kesho.

Wenzangu wawili walinionya kwamba mtu wa mbali atachukua data akachapisha kabla yetu. Huenda. Lakini nimeangalia miaka ya kazi yangu nyuma, na sijaona tafiti za ziwa hili zilizokufa kwa kuibwa. Nimeona nyingi zilizokufa kwa kufungiwa.

17 Machi 2025: Barua kutoka Maseno

Mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Maseno ameendesha hesabu yetu upya mwanzo hadi mwisho. Jibu lake limelingana na letu hadi desimali ya tatu, jambo ambalo katika kazi yangu yote sikuwahi kulishuhudia likifanywa na mtu ambaye sijakutana naye.

Kisha akafanya la zaidi. Alibadilisha M/K kutoka 1.5 kwenda chini na juu. Uwiano ukipanda, modeli inatarajia samaki wakubwa wachache hata pasipo uvuvi, kwa hiyo inaulaumu uvuvi kidogo. Ukishuka, lawama zinaongezeka. Kwa masafa ambayo yeyote angeyakubali kuwa ya kawaida, jibu letu lilivuka mstari wa 0.2 kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hoja yake: kuchapisha nambari moja hapa ni kuficha kitu. Yuko sahihi. Toleo la pili, lililowekwa jana, halina nambari moja. Lina mkanda wa majibu, kutoka la chini hadi la juu, na jina lake limeongezwa kwa waandishi kwa ridhaa yake.

Tulipousoma mkanda huo Dunga, mwenyekiti aliuliza kifanyike nini kuupunguza. Jibu ni kujua umri wa ngege kwa kukata mawe ya masikio na kuhesabu pete, ili tupate K ya ghuba hii badala ya kuazima uwiano. Hilo linahitaji msumeno wa kukatia, darubini na mtu aliyefunzwa. Darubini ipo ya kuazima. Msumeno bado.

Matumizi hadi leo ni karibu Sh310,000, sehemu kubwa ikiwa ni malipo ya wapimaji. Hesabu kamili, pamoja na simu iliyoharibika, iko kwenye faili la fedha ndani ya hifadhi ile ile. Kuanzia Aprili BMU ya Usoma inaanza kupima kwa kanda zake yenyewe. Mbao zao mbili zimeshatengenezwa, na mchoro wa ubao, wenye vipimo vya skrubu na rangi iliyotumika, umewekwa pamoja na data kwa yeyote atakayemkabidhi fundi wake.